Fedha za kaya zimfuate mtoto



Nina maoni juu ya neno moja, nalo ni "kaya".

Watafiti wanapofika kijijini huhesabu kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mipango ya Serikali nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Sina ugomvi na jambo hilo, kwani huwezi kumsaidia mtu usiyejua aliko. Lakini sisi walimu tunaoita majina kila asubuhi tunajua kwamba ukoo ni mkubwa kuliko chungu kimoja. Mtoto yuko kwa mama yake, mavuno yakipita yuko kwa bibi, mwakani yuko kwa mjomba, na kote huko hakuna anayemwona mgeni.

Watafiti wenyewe walikwisha kuliona hili hapa hapa Kagera. Kati ya 1991 na 1994 walihoji kaya zaidi ya 900 ili kujua vifo vya watu wazima, hasa vya Ukimwi, vinaziacha familia katika hali gani. Waliporudi mwaka 2004 waliwatafuta watu mmoja mmoja, hata waliohamia mikoa mingine na Uganda, na kaya zile zikawa zimezaa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 walirudi tena. Kama wangewahoji waliobaki tu, wasingejua kwamba waliohama ndio waliopata nafuu kubwa zaidi.

Sasa tutazame TASAF. Majaribio ya kuzipa fedha kaya maskini yalianza 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 40 vilipewa na 40 vikangoja, ili matokeo yalinganishwe. Sharti mojawapo lilikuwa mtoto wa miaka 7 hadi 15 ahudhurie shule kwa asilimia 80. Baadaye mpango ukapanuliwa nchini. Kupima kabla ya kupanua ni busara, ingawa si kila mara tunafanya hivyo.

Lakini fedha hupewa kaya iliyoandikishwa. Je, mtoto akipelekwa kwa bibi ambaye kaya yake haimo katika orodha? Shuleni atahamishwa kwa barua, na mwalimu mpya atamwandika. Kwa nini barua hiyo hiyo isihamishe na sehemu yake ya fedha? Bibi ndiye atakayenunua daftari na sare, na mara nyingi ndiye asiye na kitu.

Nawaomba wahusika wawaulize watafiti swali hilo, tena waulize vijijini, si katika semina za mjini. Najua wapo watakaosema kwamba wajanja watamwandikisha mtoto mmoja mara mbili. Wajanja hawakosekani. Lakini kuna daftari la mahudhurio, na mtoto hawezi kuitika katika shule mbili asubuhi moja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.