Bima ya mkopo: mbona hatudai chenji?

Niseme mapema kwamba haya hayahusu bumu. Bumu tunalijua, na kelele zake tunazijua. Nazungumzia mkopo utakaokuja baada ya bumu, ule wa siku umeripoti kituo cha kazi, pengine Tarime, pengine Serengeti kwetu, na kabla hujajua hata choo cha walimu kiko wapi, afisa mikopo ameshafika stafu na pikipiki yake na fomu kwenye bahasha ya kaki. Wengi wetu tunaosoma ualimu tutasaini fomu hiyo. Mama yangu alisaini tatu.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilaya ya Serengeti. Likizo iliyopita aliniomba nimsomee slipu yake ya mshahara kwenye simu, maana macho yameanza kumsumbua. Nikasoma. Makato yalikuwa marefu kuliko mshahara wenyewe, na kilichobaki kilikuwa kimegusa ile theluthi moja ambayo kwa kanuni mtumishi lazima aachiwe. Nikamuuliza huu mkopo ulianza lini. Akacheka, akasema, "Mwanangu, huo haujaanza wala haujaisha. Huwa unaongezwa tu."

Nikaomba karatasi. Ziko chini ya kitanda, ndani ya begi la shule la zamani, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Machi 2018 alikopa milioni 6 za kuezeka nyumba, kwa miezi 60. Siku ile ile ikakatwa bima ya mkopo, shilingi 150,000, kabla hela haijaingia kwenye akaunti. Machi 2020 dada alipata nafasi ya chuo, mama akarudi benki, wakafunga mkopo wa kwanza na kufungua mpya wa milioni 9, tena miezi 60. Bima: 225,000. Novemba 2021 bibi akaugua, mkopo ukafungwa tena, ukafunguliwa wa milioni 12, miezi 60. Bima: 300,000.

Mimi nasoma elimu, somo langu la pili ni hisabati, kwa hiyo sikuweza kulala. Bima ya kwanza ililipiwa miezi 60 lakini mkopo uliishi miezi 24 tu. Ya pili ililipiwa miezi 60, mkopo ukaishi miezi 20. Sasa ile miezi 36 na ile 40 iliyobaki, bima ilikuwa inalinda nini? Mkopo uliokwishafungwa haudaiwi. Hata mama angefariki (Mungu amweke) kampuni ya bima isingelipa senti kwa mikopo hiyo miwili, kwa sababu haikuwepo.

Kwa wasioelewa nielezee kwa basi. Umelipa nauli ya Mugumu hadi Mwanza, halafu gari linakushusha Bunda, unahamishiwa gari lingine la kampuni ile ile, na konda anakudai nauli kamili upya. Hakuna mtu wa Mara anayekubali hilo. Konda atarudisha chenji, au stendi nzima ya Bunda itajua. Lakini mwalimu yule yule mbele ya dawati la benki ananyamaza, anasaini, anashukuru, anapanda bodaboda kurudi kijijini.

Nilipiga hesabu ya kawaida ya kugawanya kwa miezi. Chenji ya kwanza 90,000, ya pili 150,000. Jumla 240,000. Kwetu hiyo ni mbuzi kadhaa.

Tulienda mjini, mimi na mama. Benki siitaji, na sina haja, kwa sababu sidhani kama tatizo ni la benki moja. Afisa alikuwa kijana mpole, karibu rika langu, akamwamkia mama shikamoo vizuri kabisa. Nilipouliza habari ya bima akasema, "Bima hairudishwi, mwalimu. Ni ya lazima." Jamani, hayo ni majibu mawili ya maswali mawili tofauti, na hakuna hata moja nililouliza. Bima inaweza kuwa ya lazima na bado chenji yake ikarudishwa. Nauli nayo ni ya lazima.

Nikaomba kuona hati ya bima yenyewe. Siyo mkataba wa mkopo, hati ya bima: kampuni gani, inalinda nini, haitalipa katika mazingira gani, mkopo ukifungwa mapema inakuwaje. Hakuwa nayo. Mama hajawahi kuiona. Ameilipia mara tatu kwa muda wa miaka minne, jumla 675,000, na hajui hata jina la aliyemwekea bima. Anachokijua ni mstari mmoja katika mkataba wa Kiingereza wenye kurasa 11 na herufi ndogo kama sisimizi. Mama anafundisha Kiswahili darasa la sita.

Nilikuwa nimekasirika na kuona haya kwa pamoja. Haya kwa sababu sisi Wakurya tunasifika, au tunasemwa, kwa kudai. Mahari kwetu inahesabiwa ng'ombe mmoja mmoja, rangi na pembe, na ndoa ikivunjika wazee wanakaa chini kuhesabu wangapi warudi, hata kama miaka imepita mingi. Hakuna anayesema "ng'ombe hawarudishwi." Wazee wale wale wakistaafu na kupewa karatasi ya benki, wanauliza tu wasaini wapi.

Tuliandika barua. Ukurasa mmoja, Kiswahili, tarehe za mikopo mitatu, kiasi cha bima kilichokatwa kila mara, na ombi moja: turudishieni sehemu ya bima ambayo haikutumika, na mtueleze mmeikokotoaje. Tukagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Ule mhuri ulinisumbua kuliko barua, sekretari alitaka kuniachia hivi hivi. Msikubali kuachiwa hivi hivi.

Wiki ya saba ikaja meseji kwenye simu ya mama: shilingi 100,820 zimeingia. Baadaye barua. Inasema ni marejesho ya bima ya mkopo wa Machi 2020, na kwamba hesabu haigawanywi sawa kwa miezi, kwa sababu deni huwa kubwa mwanzoni na kupungua mwishoni, kwa hiyo miezi ya mwanzo inabeba uzito mkubwa zaidi wa bima. Nilikaa na kalamu. Ukiupa mwezi wa kwanza uzito wa 60, wa pili 59, mpaka wa mwisho 1, miezi 40 iliyobaki inatoa 100,820 kamili. Hoja yao ina mantiki, hesabu yao ni sahihi, ningependa tu iwe imeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza na siyo kwenye barua ya kujibu malalamiko.

Ila mnaona kilichotokea? "Bima hairudishwi" imerudishwa. Na kuhusu mkopo wa Machi 2018 barua haisemi chochote. Kwa kanuni yao wenyewe ni shilingi 54,590.

Uingereza walipitia jambo la jamaa hii, kwa ukubwa wa kutisha. Kwa miaka mingi benki zao ziliuza bima ya kulinda marejesho ya mkopo: ukiumwa au ukipoteza kazi, bima ilipe. Wengi waliuziwa bila kujua wameuziwa. Wengine waliambiwa bila bima hakuna mkopo. Wengine walikuwa wamejiajiri, na masharti ya bima yenyewe yaliwatenga, ina maana walilipia kitu ambacho kisingewafaa kamwe. Benki zilikwenda mahakamani kupinga kanuni za kuwalipa wateja, zikashindwa Aprili 2011. Kuanzia hapo hadi baada ya siku ya mwisho ya kupeleka madai, tarehe 29 Agosti 2019, zililipa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kesi iliyonigusa zaidi ni ya mwalimu. Susan Plevin, mjane, mhadhiri wa chuo, alikopa pauni 34,000 mwaka 2006 na akauziwa bima ya pauni 5,780. Hakuambiwa kwamba asilimia 71.8 ya hela hiyo ilikuwa kamisheni, yaani iliishia mifukoni mwa waliouza, na chini ya theluthi ndiyo iliyofika kwenye kampuni ya bima. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ilisema kutomwambia kulifanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki. Sasa turudi kwenye begi la mama. Kwetu, benki ziliruhusiwa rasmi kuwa mawakala wa bima kupitia mwongozo wa mwaka 2019, na wakala hulipwa kamisheni. Katika 300,000 za Novemba 2021, ngapi zilikuwa bima na ngapi kamisheni? Simtuhumu mtu wizi. Nasema mwenye hela ana haki ya kujua.

Kuna mwanachuo atasema bima ya mkopo ni nzuri. Ndiyo, ni nzuri! Mwalimu mwenzake mama alifariki akiwa na deni kubwa, na mjane wake hakusumbuliwa kwa sababu bima ililifuta. Nyumba ipo, watoto wapo shule. Lakini alijua kwa bahati tu, kwa sababu shemeji yake ni karani. Mtu ambaye hajui kwamba ana bima hatakwenda kudai akifiwa, na mtu asiyejua kwamba bima ina chenji hatadai chenji. Ni ujinga ule ule unaotugharimu pande zote mbili, na wanaofaidika nao siyo walimu.

Wengine wameshaona fursa. Nilipokuwa mjini, mzee mmoja anayejiita mshauri alisikia habari zetu akasema atatufuatilia kwa asilimia 30. Uingereza nako makampuni ya kudai kwa niaba yalichuma sana mpaka mwaka 2018 sheria ikaweka kikomo cha asilimia 20 kwa madai ya aina hii. Kwa nini umlipe mtu kuandika ukurasa mmoja? Wewe ni mhitimu wa chuo kikuu, andika. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama za mkopo. Ukianza na benki yako na ikakukalia kimya, Benki Kuu ina tawi Mwanza. Kwa upande wa bima kuna TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hawa wote watakuuliza kwanza kama ulishawaandikia wenyewe. Ndiyo maana ya ule mhuri.

Lakini sitaki tuishie kwenye kuandika barua. Siyo haki kwamba mwalimu wa Nyamongo au Robanda akodi pikipiki kwenda mjini kudai hela ambayo kompyuta ya benki inaijua. Siku ile ile inafunga mkopo wa zamani, inajua miezi mingapi imebaki. Mkopo mpya ukikatwa bima mpya, chenji ya zamani ipunguzwe hapo hapo, iandikwe kwenye karatasi moja ya Kiswahili, na mwalimu apewe nakala ya bima. Hilo TIRA na Benki Kuu wakitaka wanaweza kulifanya kwa waraka mmoja. Msiniambie haiwezekani. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya Bodi nayo tuliambiwa ni sheria, mpaka Rais Samia alipotangaza kuifuta Mei Mosi 2021 kule Mwanza, baada ya wahitimu kulalamika miaka na miaka.

Serikali ya wanafunzi inaandaa semina ya ujasiriamali kila mwaka, tunafundishwa kutengeneza sabuni. Naomba mwaka huu saa mbili za semina hiyo zitumike kusoma mkataba mmoja wa mkopo, mstari kwa mstari, na wa mwaka wa tatu wanaokwenda kuajiriwa wakae mbele. Mkataba nitauleta mimi. Mama ameruhusu, ila jina lake nitalifuta kwa kalamu nyeusi.

Barua ya pili tumeituma makao makuu, kuhusu zile 54,590. Leo ni siku ya 19. Mama ameshaipangia hela hiyo: mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia, na kitakachobaki nauli yangu ya kurudi chuo.