Tairi la bei poa ndilo linalowamaliza bodaboda

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Karatu kuna imani iliyoota mizizi: tairi ni tairi, kinachotofautiana ni bei, na mjanja ni yule aliyezunguka maduka yote akapata la chini kabisa, kisha akamtafuta fundi wa kulifunga kwa buku pungufu. Naipinga imani hiyo kwa sababu inawatia hasara watu ambao hasara ndogo tu inawalaza njaa. Kosa lake ni kwamba hesabu inafanyiwa dukani, siku ya kununua, wakati tairi linalipiwa barabarani. Bei haisemi kitu mpaka uigawe kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, tairi la nyuma la 40,000 linakwisha kashata kwenye kilomita 8,000, na la 65,000 linafika 16,000. La kwanza limekula shilingi 5 kwa kila kilomita. La pili, kama 4. Hapo hujahesabu kumlipa fundi mara ya pili, wala nusu siku ya kazi iliyopotea pikipiki ikiwa imelazwa chini ya mti.

Na barabara za kwetu hazina huruma. Lami inayotoka Makuyuni hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, ikapita Rhotia na Karatu mjini hadi lango la Lodoare, mlangoni mwa Ngorongoro. Ukiiacha hiyo, sehemu kubwa ni vumbi kiangazi na utelezi masika. Dereva anayeteremka Mang'ola kufuata vitunguu anakanyaga mawe yenye ncha na miba ya migunga, nyuma amefunga gunia. Anayekwenda Oldeani mwezi wa nne anakutana na udongo mwekundu unaojaa kwenye kashata mpaka tairi jipya linageuka kipara. Tairi lenye kashata fupi na mpira mwembamba likifika hapo limeshindwa kabla safari haijaanza, na abiria aliyepakiwa hakuulizwa kama anakubali.

Wengi wanaozunguka maduka wanauliza swali moja tu, bei gani, ilhali majibu ya maana yameandikwa ubavuni mwa tairi. 3.00-17 ni upana na kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. 6PR inaonyesha kwamba mwili wa tairi umejengwa kubeba mzigo kuliko wa 4PR. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama zamani, na matairi mengi ya pikipiki tunayouziwa yanakuja kwa meli, yanalala bandarini, ghalani, halafu dukani, wakati mwingine yakianikwa juani barazani. Mpira unazeeka hata usipotembea. Tairi la bei poa lenye nyufa nyembamba ubavuni si jipya, hata kama halijawahi kugusa barabara.

Kwenye ufundi ndiko kunakoniudhi zaidi. Huyo fundi wa bei ya chini mtazame mikono. Anachokonoa tairi kwa bisibisi, tyubu inabanwa kati ya chuma na rimu, inatoboka kitundu kidogo ambacho kitajitokeza kesho ukiwa njia ya Endabash. Fundi anayejua kazi anapapasa ndani ya tairi kutoa mchanga na mwiba wa zamani, anakagua mkanda unaofunika vichwa vya spoki, anaipuliza tyubu kidogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje, anafuata mshale wa mzunguko, na gurudumu likirudi anahakikisha limekaa sawa na mnyororo, nati imekazwa na breki inashika. Upepo anaupima kwa geji, habonyezi kwa kidole gumba. Zungukeni gereji, sawa kabisa, lakini linganisheni kazi hiyo kwanza, bei baadaye.

Nitajibiwa kwamba dereva hana hiyo 65,000. Hoja hii ni nzito na ina ukweli: anayeishi kwa mapato ya siku, na jioni anadaiwa hesabu ya bosi, hanunui anachotaka, ananunua kilichopo mfukoni. Lakini shilingi 800 kwa siku kwa siku 90 ni 72,000, tairi na ufundi wake, na vikundi vya vijiwe vinavyochangiana kwenye misiba na harusi vinaweza kuchangiana hata tairi. Wengine watasema mwiba hauchagui, hata tairi zuri linapata pancha. Ni kweli, lakini mpira mnene unazuia miba ambayo kipara kinaipokea moja kwa moja, na pancha ya kuzibwa si sawa na tairi kupasuka kwenye mteremko wa Mto wa Mbu nyuma yako kukiwa na gari la watalii.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wenye pikipiki. Pikipiki ni mali yenu, na tairi ni sehemu ya mali hiyo. Pale mlipomwachia dereva mzigo wote, mmemlazimisha kununua la bei ya chini. Kaeni naye, mwandikishane kwenye mkataba nani ananunua tairi, la aina gani na baada ya kilomita ngapi, na mfanye hivyo kabla mvua za Machi hazijaanza.