Kusubiri bahari itulie nako ni imani

Visiwani Unguja na Pemba, asubuhi jua huwaka na bahari hung'aa kama kioo. Kabla ya adhuhuri wingu limetanda, mvua inapiga mabati. Uzuri huo ni kazi ya Mungu, lakini si ahadi ya usalama.

Katikati ya mwaka huvuma kusi, na bahari huchafuka. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe kwenye upepo mkali. Tulipoteza ndugu wengi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Paulo alionya kwamba safari ile ina hatari. Akida hakumsikiliza. Wakang'oa nanga, tufani ikawakuta.

Basi, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha na nahodha akiahirisha safari, usimnung'unikie, hata kama harusi au msiba unakusubiri ng'ambo. Rozari mkononi haifuti onyo. Aliyetupa sala ndiye aliyetupa akili. Lala bandarini, kesho wakupokee ukiwa hai.