Chakula cha usiku: Baba, acha pesa ya wiki, si ya siku



Ramadhani ikikaribia, hapa Mkolani kila nyumba hupanga. Tende, tambi, sukari na unga hununuliwa mapema, na baba na mama hujua futari ya leo ni nini na daku ni nini. Mwezi wa Shawwal ukiandama, mpango nao unakwisha. Kwa miezi kumi na moja mama anaulizwa saa kumi na mbili jioni, "Leo tunakula nini?" Hajui, kwa sababu naye anasubiri pesa.

Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi tatizo hili si uvivu wa akina mama. Ni pesa kutolewa kidogo kidogo. Anayenunua kwa siku hununua mafuta ya kupima na mkaa wa kopo, na akijumlisha wiki nzima anakuta ametumia zaidi. Tena chakula kinachelewa kuiva, watoto wadogo wanalala kabla hakijapakuliwa. Mtoto wa miaka 3 tumbo lake ni dogo. Akikosa mlo wa usiku mara kwa mara, kukua kwake kunadhurika.

Mpango wa siku saba unahitaji karatasi moja tu. Chukua mfano huu wa vyakula vya kwetu. Jumamosi ugali, dagaa na mchicha. Jumapili wali na choroko. Jumatatu ugali, maharage na matembele. Jumanne viazi vitamu na maziwa. Jumatano ugali, dagaa wa karanga na mlenda. Alhamisi wali, kunde na kisamvu. Ijumaa wali na sato, au mayai kama mfuko haukuruhusu.

Usidharau dagaa. Huliwa na mifupa yake, hivyo hutupa protini pamoja na madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa na meno. Wakiwa wakavu hukaa wiki nzima mahali pasipo na unyevu. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, si mchangani, na uwaoshe vizuri kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukaanga. Sato mbichi mnunue siku ile ile ya kumla, mwenye macho maangavu na matamvua mekundu.

Maharage yaloweke tangu asubuhi, yataiva upesi na mkaa utapungua. Baada ya kula, mpe mtoto chungwa au pera badala ya chai. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Matunda hayo husaidia yafyonzwe.

Mpango pia hukuonyesha kiasi cha kupika. Kwa nyumba isiyo na jokofu hilo ni jambo kubwa, maana chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto, vijidudu huanza kuzaana. Wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuumiza tumbo hata ukipashwa moto. Na kumwaga chakula ni israfu, tuliyokatazwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31.

Wapo watakaosema, "Mimi kipato changu ni cha siku." Ni kweli kwa mvuvi, machinga na dereva wa bodaboda. Basi weka akiba kidogo kila siku, na Jumamosi nunua vikavu kwanza: unga, dagaa, choroko, maharage, mafuta na chumvi yenye madini joto. Siku zinazofuata utadaiwa mboga na nyanya tu.

Ndugu yangu, kulisha familia ni wajibu wako, na kupanga ni sehemu ya wajibu huo. Ijumaa hii baada ya Swala ya Isha, kaa na mkeo, mwandike siku saba. Wiki ijayo watoto wale kabla hawajasinzia.