Tuiite Sayansi ya Nini?

Katika vyuo vikuu vingi ipo taaluma inayochunguza vitu vinavyoundiwa vingine: metali, kauri, plastiki, saruji na nyuzi. Taaluma hii haijui mipaka ya idara. Huko Manchester, Uingereza, mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa kunata kubandua matabaka ya grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli, hadi wakapata grafini: utando wa kaboni wenye unene wa atomu 1 tu. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Leo utando huo unatafitiwa na wanafizikia, wanakemia, wahandisi na wanabiolojia.

Swali langu ni hili: mwanakiswahili yuko wapi?

Jina lenyewe la taaluma hii linatutatiza. Tukisema sayansi ya malighafi, tunaviacha nje vitu vilivyokwisha kuundwa. Tukisema sayansi ya vifaa, msomaji atafikiria nyundo na misumeno. Maunzi nayo yamekwisha kutwaliwa na wataalamu wa kompyuta. Utata huu hautatuliwi na mwanaisimu aliyejifungia chumbani.

Wapo watakaodai kuwa TUKI ilimaliza kazi ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kamusi hiyo ni hazina, ila iliitangulia grafini kwa miaka 14. Sayansi haitungoji.

Aidha, tusidhani kuwa elimu hii ni ngeni kwetu. Waashi wa Lamu walijenga kwa matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Walijua kuwa matumbawe yakichomwa hutoa chokaa. Mkemia hueleza kuwa moto huondoa kaboni dioksidi, na kwamba lipu ikishapakwa huivuta tena gesi hiyo kutoka hewani, ikawa ngumu. Mwashi ana msamiati, mkemia ana maelezo. Mwanakiswahili angekuwa kiungo chao.

Kwa hivyo, idara zetu hazina budi kushirikiana na zile za fizikia, kemia na uhandisi. Tasnifu za istilahi zianzie maabarani na kwa mafundi, zisiishie maktabani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hadhi isiyo na maneno ya kufanyia kazi ni kilemba cha ukoka. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.