Nyaraka za Chicana si makapi ya ofisi

Wako watu wanaodhani kwamba urithi wa msanii ni picha zake tu, na kwamba barua zake za ofisini, kumbukumbu za mikutano na maombi yake ya fedha ni makapi ya kutupwa jaani. Dhana hii ni potofu. Madhara yake yanadhihirika tukiwatazama wasanii wa Marekani wenye asili ya Mexico, hasa wanawake wanaojiita Chicana, ambao wengi wao walikuwa wasanii na wasimamizi wa sanaa kwa wakati mmoja.

Tumchukue Amalia Mesa-Bains. Mama huyu alizaliwa Santa Clara, California, mwaka wa 1943, akasomea saikolojia hadi shahada ya uzamifu, akafanya kazi katika shule za umma za San Francisco na kuwa kamishna wa sanaa wa mji huo. Mnamo 1992 alituzwa na wakfu wa MacArthur. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford.

Kazi iliyomletea sifa si picha ya kuangikwa ukutani. Yeye hujenga madhabahu, mithili ya zile ambazo familia za Kimexico huandaa nyumbani kuwakumbuka marehemu wao, akitumia picha, vitambaa, vioo na maua yaliyokauka. Ile aliyomjengea mwigizaji wa filamu Dolores del Rio mwaka wa 1984, na kuitengeneza upya mnamo 1991, sasa ni mali ya jumba la Smithsonian la sanaa ya Marekani, mjini Washington.

Hebu msomaji atafakari. Kazi ya aina hii hubomolewa maonyesho yanapokwisha, ikatiwa masandukuni, na ikijengwa tena kwingineko haiwi ile ile. Anayetaka kujua ilivyokuwa hapo awali hana budi kurejea kwenye michoro ya matayarisho, picha za slaidi, orodha za vifaa na barua zilizoandikiwa wenye jumba. Karatasi hapo si ushahidi wa kando juu ya sanaa. Ni sehemu ya sanaa yenyewe.

Na hizo karatasi za ofisini? Maonyesho makubwa ya sanaa ya Chicano yaliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka wa 1990, na kuzunguka nchi hadi 1993, yalipangwa na kamati nyingi. Picha zilizotundikwa zinatuonyesha waliokubaliwa. Waliokataliwa, na hoja zilizowakataa, tutawapata katika kumbukumbu za kamati kama zilitunzwa. Aidha, ombi la fedha hutuonyesha jinsi msanii alivyolazimika kuieleza jamii yake kwa lugha ya mwenye mfuko. Mimi mwanaisimu naliona ombi kama hilo kuwa matini adhimu kuliko katalogi nyingi zenye karatasi ya kumetameta.

Hapa ndipo linapoingia suala la jina. Neno Chicano lilitumiwa kwa dharau hadi vijana wa miaka ya sitini walipolitwaa na kulivaa kwa fahari. Kihispania hubagua jinsia katika nomino, jambo ambalo ngeli zetu hazilijui, na wanawake walisisitiza Chicana kwa kuwa walichoka kufichwa ndani ya wingi wa kiume. Lakini nenda kwenye orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayofuatwa na maktaba nyingi duniani. Ukitafuta Chicano utaelekezwa kwenye Wamarekani wa Kimexico. Wakutubi wa Kichicano huko Berkeley walikerwa na hali hiyo, na katika miaka ya sabini wakaanza kutunga orodha yao ya istilahi, iliyotumika katika faharasa yao ya majarida iliyotolewa mwaka wa 1981.

Wengine watasema hizo ni hoja za walimu wasio na kazi. Basi wakumbuke kwamba orodha hiyo ya Bunge iliwaita wahamiaji wasio na vibali "wageni haramu" hadi Novemba 2021, miaka kadhaa baada ya wanafunzi wa Dartmouth kuanza kulilalamikia neno hilo. Kisanduku kinaweza kuwa salama rafuni na bado kikapotea, maadamu anayekitafuta hajui kimebandikwa jina gani.

Mambo yamezidi kuwa magumu. Tarehe 27 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuyakagua maelezo ya historia katika majumba ya Smithsonian, na mwezi uliofuata misaada zaidi ya elfu moja ya mfuko wa taifa wa taaluma za utu ikafutwa. Stanford ni chuo cha binafsi chenye ukwasi, na nyaraka za Mesa-Bains hazitalala nje. Vituo vya mitaani, kama Galería de la Raza iliyoanzishwa San Francisco mwaka wa 1970, havina kinga hiyo, na wala si haki kuviambia vikabidhi masanduku yao kwa vyuo vikuu ili yanusurike. Vingepewa fedha za kumwajiri mhifadhi mmoja mmoja, anayekijua Kihispania cha mtaa na anayewafahamu watu waliomo katika picha zisizo na maelezo, wakati wazee wanaoweza kuwataja majina wangali hai.