Tukimbie Kaburini Kama Petro

Asubuhi ya Pasaka, wanawake walirudi kutoka kaburini na habari ambayo Kanisa lote linaishi kwayo hadi leo. Mwinjili Luka hafichi aibu iliyofuata: mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi, wala hawakuwasadiki. Lakini Petro aliondoka, akakimbia kaburini, akainama na kuangalia mwenyewe.

Tunawaandikia neno hili ninyi vijana mnaongoja diploma ya Serikali na kutafakari njia ya chuo kikuu. Katika mikutano yetu tumesikia mara nyingi kwamba kuchunguza maisha ya wanawake, maandiko yao, historia yao na kazi yao katika sayansi ni kupoteza wakati. Wengine husema ni fikra za kigeni zenye kuvunja jamaa zetu. Sisi twaona kinyume. Elimu hiyo ni kutafuta ukweli, na mkristo hana sababu ya kuuogopa ukweli.

Tujipime wenyewe. Kila tarehe 1 Desemba tunamwadhimisha Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Tunajua vema jinsi alivyokufa. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba alikuwa mwalimu? Mwaka huohuo Sophie Kanza alihitimu katika Chuo Kikuu cha Lovanium, akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupata shahada. Mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri. Tena mwaka huohuo wa 1964, katika chuo hichohicho, Clémentine Nzuji aliwakusanya washairi vijana katika kundi lililoitwa Pléiade du Congo. Tumezoea kuukumbuka mwaka 1964 kama mwaka wa maasi na damu. Ndivyo ulivyokuwa, lakini mwenye kuishia hapo amesoma nusu ya ukurasa.

Katika sayansi ni vivyo hivyo. Nani huko Katanga asiyelijua jina la Shinkolobwe? Tangu miaka ya 1920, radiumu iliyotokana na mawe ya machimbo hayo iliuzwa duniani. Aliyeigundua mwaka 1898, pamoja na mume wake, ni Marie Curie, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mara mbili. Mali ilitoka katika udongo wetu, na maarifa yalitoka katika akili ya mwanamke. Binti anayesoma kemia kwetu anastahili kuambiwa yote mawili.

Twajua kwamba malipo ya masomo ni mzigo mzito. Fedha zikipungua nyumbani, mara nyingi binti ndiye anayeambiwa angoje. Hapo ndipo kusahau kunapogeuka kuwa hoja: husemwa kwamba mambo hayo hayajawahi kuwa ya wanawake, na kwa kuwa hakuna mwenye kumbukumbu, hakuna anayejibu. Kumbukumbu peke yake hailipi masomo, lakini humnyang'anya mdhulumu kisingizio chake.

Wala masomo haya si ya wasichana tu. Petro alikuwa mwanaume, naye ndiye aliyekimbia. Kijana anayejifunza kusikiliza ushuhuda wa wanawake hapunguziwi heshima. Anaandaliwa kuwa mume, baba, mwalimu au padri mwenye haki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mashirika yetu wamo mama wazee waliofundisha katekisimu wakati wa vita, waliozalisha watoto usiku bila taa, waliolisha wakimbizi kwa mihogo ya shamba lao. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na daftari halijafunguliwa.

Basi, kila kundi la vijana lichague likizo hii mama mzee mmoja wa parokia. Nendeni kwake wawili wawili, wavulana na wasichana. Ulizeni, andikeni, kisha msomeeni mliyoyaandika ili ayasahihishe. Na yule atakayekwenda chuoni, akasomee historia, fasihi, utabibu au kemia, aende na daftari hilo. Ushuhuda wa kwanza wa Ufufuko nusura upotee kwa kudharauliwa. Tusiupoteze huu uliomo mlangoni petu.